Goti la Katee

Katee alikuwa na miaka ishirini na tisa alipoitwa kwenye timu ya taifa, umri ambao wakimbiaji wengi wa mita elfu moja mia tano tayari wana medali kabatini. Miaka saba alikuwa akibeba mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitengela, na mazoezi aliyafanyia kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Isinya kabla ya duka kufunguliwa, malori ya mchanga yakimpita na kumwacha akikohoa. Huko ndiko Parsaoti, mwalimu mstaafu wa Kajiado, alikomwona akakubali kumfunza.

"Nikuambie ukweli," kocha huyo alimwambia walipoagana. "Wewe umekuja kuchelewa. Hii mashindano ya dunia ni nafasi moja. Hakuna ingine."

Maneno hayo Katee alisafiri nayo, akala nayo, akasimama nayo kwenye mstari siku ya mchujo wa kwanza.

Walikuwa kumi na watatu, na sita wa kwanza tu ndio wangeingia nusu fainali. Mbio zilianza polepole, kila mtu akimwachia mwenzake kazi ya kuongoza. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Katee alikuwa wa tisa, amebanwa ndani kabisa, mbele yake migongo na pembeni mwake mabega. Wote wakachomoka kwa pamoja. Akatafuta upenyo, akakosa. Zilipobaki mita mia tatu akaona mwanya mdogo kati ya ukingo wa uwanja na Havyarimana, mkimbiaji wa Burundi aliyekuwa mbele yake. Haukuwa mwanya wa kupita mtu. Katee alijua hivyo, na akaingia.

Goti lake liligonga mguu wa yule Mrundi. Wakaenda chini wote wawili. Katee alijiinua, paja likivuja damu palipokanyagwa na viatu vya misumari, akamaliza wa mwisho akichechemea. Havyarimana hakuinuka.

Katika chumba cha matibabu waliwekwa vitanda viwili jirani, pazia katikati. Meneja wa timu ya Kenya aliingia akihema.

"Katee, tuko na nusu saa tu ya kukata rufaa. Nimeona kwa skrini kama umesukumwa. Ulisukumwa?"

Kama angesukumwa, waamuzi wangeweza kumwongeza kwenye nusu fainali. Katee alitazama dari. Aliona mifuko ya saruji. Aliona mama yake, Mbeke, kule Mashuuru, ambaye alikuwa ametangazia kanisa zima saa ya mbio.

"Ndio," alisema. "Nilisukumwa kutoka nyuma."

Meneja akatoka mbio. Sauti ikatoka upande wa pili wa pazia, kwa Kiswahili.

"Ndugu yangu, mimi nilisikia goti lako."

Katee alivuta shuka hadi kidevuni.

"Mtulinga, huu mfupa wa begani, umevunjika," Havyarimana akaendelea, bila hasira, kama mtu anayesoma barua. "Wamesema sitakimbia tena mwaka huu. Nilijiandaa miaka minne. Wewe je?"

Katee alitaka kujibu. Wahudumu wakaja, wakamsukuma Mrundi na kitanda chake hadi kwenye gari la hospitali.

Waamuzi walitazama picha za kamera ya nyuma mara tatu. Uamuzi ulikuwa wa mistari miwili: Katee ndiye aliyesababisha ajali, na ameondolewa mashindanoni. Havyarimana alipewa nafasi katika nusu fainali, nafasi ambayo asingeweza kuitumia. Siku ya mbio hizo alikuwa hospitalini, mkono umefungwa kifuani.

Lakini nyumbani hakuna aliyeiona kamera ya nyuma. Kilichosambaa kwenye simu ni kipande kilichopigwa kutoka mbele, ambacho mtu angeweza kuapa kwamba Mrundi ndiye aliyemfungia Katee njia. Nasike, mkewe, alimpigia kutoka Kitengela akilia.

"Wamekuonea, Baba Mumo. Watu hapa wamekasirika sana. Hadi wameingia kwa ukurasa wa huyo mtu wakamtusi."

"Wamemtusi nani?"

"Si ni huyo Mrundi. Amekuharibia maisha."

Katee alikata simu, akafungua ukurasa wa Havyarimana. Matusi yalikuwa maelfu. Mengi yalikuwa ya Kiswahili, na Mrundi mwenyewe angeyaelewa yote bila mkalimani. Katee aliyasoma mpaka macho yakauma. Alianza kuandika kitu, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Kwenye ndege ya kurudi hakula.

Jumapili iliyofuata, kanisa la Mashuuru lilijaa hadi nje. Mbeke alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Mchungaji alimwita Katee mbele, akasema kijana wao amedhulumiwa na ulimwengu lakini Mungu ameona, na watu wakapiga makofi. Akampa maikrofoni.

Katee aliishika kwa mikono miwili.

"Sikudhulumiwa," alisema. "Mimi ndio nilimgonga. Niliona hakuna nafasi na nikaingia. Halafu nikadanganya meneja. Huyo mtu mnamtusi, mimi ndio nilimvunja mfupa. Tafadhali wachaneni na yeye."

Hakuna aliyesema amina. Mtoto alilia mahali fulani akatolewa nje. Mbeke aliinamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka ibada ikaisha. Mbuzi aliyechinjwa kumkaribisha aliliwa haraka, na watu wakaondoka wakiaga kwa mkono bila kumtazama usoni.

"Ungeniambia mimi kwanza," mama yake alisema jioni hiyo wakiwa wawili. "Mbele ya watu wote, Katee? Mimi nitapita wapi kesho?"



Parsaoti alimwita Kajiado siku tatu baadaye. Hakumkaribisha aketi.

"Kwa kambi ya timu ya taifa wamesema wasikuone. Kugonga mtu, hiyo hutokea. Ni ule uongo." Mzee alipangusa miwani yake kwa muda mrefu. "Kama ungenyamaza nyumbani, ingepita. Sasa umejimaliza pande zote mbili."

"Walikuwa wanamtusi, mwalimu."

"Najua," alisema Parsaoti, na sauti yake ikawa ya chini. "Najua."

Katee alirudi kwa saruji. Wateja wengine walimwita mwizi wa mbio, wengine walimtania kwamba asiwagonge na goti. Yeye alibeba tu. Nasike hakumlaumu kwa maneno, ila kwa wiki nyingi walikula bila kuzungumza.

Namba ya Havyarimana aliipata kupitia daktari wa timu. Alipiga Jumamosi ya kwanza, simu haikupokelewa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikatwa ikiita. Jumamosi ya sita, akiwa nyuma ya duka, vumbi la saruji limemjaa hadi kwenye kope, ilipokewa na mwanamke.

"Ni nani?"

"Ni Katee. Yule wa Kenya."

Alisikia kikombe kikiwekwa mezani, na kikohozi cha mwanamume.

"Yuko hapa," mwanamke alisema. "Mkono bado hauinuki vizuri. Hataki kuongea na wewe."

"Naelewa."

"Hataki leo," akasema yule mwanamke, akakata.

Katee alisimama pale na simu mkononi hadi mwenye duka alipomwita, lori lilikuwa limefika na mifuko mia mbili ilikuwa ikingoja kushushwa.