Mashine ya Masikio na Sauti za Kigombe

Enzi zetu kule Kigombe siku ilianza kusikika kabla haijaonekana. Ungali umejifunika shuka, unasikia king'ora cha shamba la mkonge kikiwaita wafanyakazi, kisha fagio la chelewa linapita uani, kisha mama anakohoa kwa moshi wa kuni. Shuleni kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwa waya, na mwanafunzi aliyepewa zamu ya kuigonga alitembea siku hiyo kifua mbele, hasalimii mtu. Jioni ndiyo iliyokuwa na utamu wake. Nazi zilikunwa nyua nyingi, nasi tuliweza kujua kwa kusikiliza tu nyumba ipi leo ina mchuzi wa nazi na nyumba ipi ni bada, ugali wa muhogo, kwa ng'onda, yaani samaki mkavu. Kombolela yetu tukaihamishia karibu na nyumba yenye nazi, eti ndipo penye nafasi nzuri ya kujificha.

Redio ilikuwa moja mtaa mzima, ya fundi cherehani mmoja, naye aliiweka dirishani ili kila apitaye afaidi. Likitokea la kuchekesha, kicheko kilianzia barazani kwake kikaishia jikoni kwetu. Leo wajukuu zangu kila mmoja ana redio yake ndani ya sikio. Wanakaa kochi moja, huyu anacheka, yule anakaribia kulia, na wala hawajui habari za mwenzao. Unamwita mtu mpaka koo linakauka, ndipo anachomoa waya mmoja na kuuliza, "Bibi, umeniita?" Sisi kuitwa mara mbili ilikuwa kesi. Msichana alitakiwa aitike "Labeka!" papo hapo, na miguu iwe tayari njiani.

Nisijifanye malaika, maana yako masikio tuliyoyaziba makusudi. Magharibi ikikaribia, mama alisimama mlangoni akaita, na sauti yake ilivuka nyumba zote mpaka kule tulikokuwa tukicheza rede. Tulijidai hatujasikia, tukaomba mchezo wa mwisho, na baada ya huo mwingine wa mwisho. Akitokea mwenyewe, kanga kiunoni, alikuwa na neno moja tu: "Mwanaidi, masikio umeyaacha wapi?"

Sasa ndiyo nimeyaacha kweli. Nimestaafu ualimu, naishi mjini, Nguvumali, na mama yangu ambaye sasa ni mtu wa kitandani, na mambo mawili yametokea kwa pamoja: sauti yake imepungua, na masikio yangu yamepungua. Kila siku baada ya laasiri naketi kitini karibu na mto wake, naye ananisimulia habari za Kigombe. Nani alimwoa nani, babu yangu alikuja na nani kutoka Maramba, kaburi la nani liko upande gani wa msikiti. Hakuna mwingine aliyebaki anayeyajua hayo. Mimi nilikuwa nikiitazama midomo yake, na ikitulia nasema, "Eeh, mama." Yalipita mbele ya uso wangu yote hayo nisiambulie kitu, na niliogopa kwamba atakwenda nayo.

Nikaenda hospitali. Walianza kwa kunisafisha nta, nami nikaomba kimoyomoyo tatizo liwe nta tu. Halikuwa nta. Nikaingizwa kwenye chumba kidogo kilichotulia kabisa, nikavalishwa vidude masikioni, nikaambiwa ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa nikingoja mlio, na ndani ya ukimya ule nikarudi Kigombe, nikawa nasikia nazi ikikunwa. Nadhani nilinyoosha mkono kwa ajili ya nazi.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo, mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama," akasema, kisha akanipangia mashine za masikio mezani. Nilikuwa nimekwisha chagua tangu mlangoni: ile ndogo kabisa inayozama ndani ya tundu la sikio, watu wasione wakaanza kusema Mwanaidi amezeeka.

"Na ushungi wote huo, mama, nani ataiona hata ile kubwa?" akauliza.

Nikacheka mpaka machozi. Kweli, maisha yangu yote nimefunika masikio, halafu naona haya ya kuonekana masikio!

Akanieleza taratibu. Ile ndogo ina betri ndogo kama punje, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Tena nguvu yake haitoshi, maana usikivu wangu umeshuka zaidi ya nilivyodhani. Ile inayokaa nyuma ya sikio ina nguvu, inashikika, na nyingine huchajiwa kama simu, ila ushungi ukiubana utasikia kitambaa kikikwaruza siku nzima, kwa hiyo nijifunze kufunga kwa kulegeza. Akaniambia haifanyi masikio kuwa mapya, na kwamba nitahitaji wiki kadhaa za kuizoea. Kisha akaweka kalamu chini.

"Unataka kusikia nini zaidi, mama? Arusini kwenye watu wengi? Simu? Runinga?"

"Mama yangu," nikasema. "Anaongea chini sana."

Akazitazama mvi zilizochungulia penye ushungi wangu. Halafu akachukua ile ya nyuma ya sikio, akaipangilia kwenye kompyuta yake, akawa ananinong'oneza nami nikirudia anachosema, mpaka aliporidhika.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Sikujua ndala zangu zina kelele vile, wala kwamba kitumbua kinalia kwenye mafuta. Nikiwa bado nazishangilia sauti hizo, hata sijaketi na mama, nikaenda kutawadha kwa laasiri. Mikono yangu inatawadha tangu utotoni na haingoji kuambiwa: ilipofika kwenye masikio ikapaka maji, mashine ikakoroma, ikanyamaza. Nililia, sioni haya kusema. Nilirudi hospitali nimeifunga kwenye leso, na yule binti akaikausha kwa vifaa vyake na kuiponya. "Si wewe wa kwanza, mama," akaniambia. "Wenzako wote wa swala tano huanza hivyo hivyo." Tangu hapo ina kikopo chake kikavu, na naivua kabla sijagusa bomba.

Alasiri iliyofuata niliketi kwenye kiti changu, nikalegeza ushungi. Mama akaanza kusema. Sauti ilikuwa ndogo, imekwaruzika, lakini ilikuwa ya kwake, na maneno yalifika mazima. Nikamkatiza.

"Mama, nakusikia."

Akageuza shingo kwenye mto, akanitazama.

"N'likuwa n'kijua husikii, mwanangu. Uso huo nimeuzaa mie."

"Sasa mbona ulikuwa ukinisimulia?"

"Ili ukae," akasema. "Ningenyamaza ungeondoka."

Akanishika mkono, akaniuliza, "Sasa kwa vile wasikia, n'anze upya?"

Nikamwambia aanze upya. Akaanzia Maramba, babu akiwa kijana, na kila neno nililisikia, mpaka sauti ikaanza kukatika, macho yakafumba, hadithi ikabaki katikati ya njia. Zamani sisi watoto ndio tuliosinzia kabla hadithi haijafika mwisho, naye akatufunika kanga na kutuacha. Siku hizi anasinzia yeye. Nikamfunika kanga, nikabaki nimekaa, nikizisikiliza pumzi zake.