Breki ya Moyo wa Panya Mchanga

Kwa miaka kumi na tisa Mama Vizimba ndiye aliyewalisha panya wachanga pale maabara, na asiyelijua hilo alikuwa mgeni. Ndipo akaletwa binti mwenye cheti. Daktari mwenye utafiti akampa binti bomba dogo la kulishia maziwa, Mama akaachiwa ufagio. Ufagio, mtu mzima kama yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Binti anagonga kengele, anampa mtoto tone la maziwa. Anagonga tena, tone tena. Kifuani mwa panya kuna waya mwembamba kama unywele, na mashine inachora mapigo. Daktari alieleza kwamba panya akishajifunza, akisikia kengele tu hutega sikio, na ubongo hutuma neno kwa mshipa wa fahamu uendao moyoni: punguza mwendo. Moyo unakanyagiwa breki. Aliyezaliwa juzi bado hana breki hiyo.

Wachanga walipotimiza siku kumi na saba, mapigo yakaanza kupungua kila kengele ilipolia. Daktari akamwita binti "fundi wetu". Mama Vizimba akahisi kitu kinamchoma chini ya titi. Watoto aliowapokea yeye, vipofu, wekundu kama vidole, leo wanamtegea sikio mwingine.

Kesho yake akawahi kabla ya wote, akawashibisha mmoja mmoja mpaka matumbo yakakaza kama ngoma.

Binti akagonga kengele. Mapigo yaleyale; aliyeshiba hana haja na kengele. Akagonga mpaka mkono ukachoka. Siku ya tatu ya mchezo huo daktari akasema huenda binti hana mkono wa kazi hii, na Mama akafagia palipokwisha fagiliwa, roho kwatu. Kisha daktari akaongeza kwamba kundi hili limeharibika, hawa waondolewe. Kuondolewa Mama alikujua. Ndoo ya waliouawa huibeba yeye.

"Nimewalisha mimi," alisema.

Daktari akauliza tangu lini, na kwa nini. La kwanza alilijibu; kwa la pili akalitazama bomba mkononi mwa binti. Akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha wachanga, nao wachanga wakaachwa wajaribiwe tena.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni. Panya walikuwa na njaa. Kengele ikalia, mapigo yakapungua. Kwa binti, si kwake.

"Unamning'iniza," alisema Mama. "Mshike chini ya makwapa, umwegemeze kiganjani. Au cheti hakikusema?"

"Hakikusema, Bibi."

"Bibi ni wa wajukuu zangu. Wewe niite Mama."

Binti akageuza mkono. Mama hakubanduka pale mpaka alipomwona mtoto amemeza.