Aliyekaanga ndizi siku ya mazishi

Mvua ya Tukuyu inagonga bati kama mwenye nyumba aliyefuata kodi, na Tusekile Mwakibinga anamenya ndizi huku macho yake yakiwa mlangoni. Anamenya moja, anachungulia. Anamenya ya pili, anasimama kabisa.

"Nani huyo?" anauliza.

Ni kuku.

"Kaa basi, mama Gift," anasema mumewe, Allen, dereva wa bodaboda ambaye leo mvua imempa likizo. "Ukiendelea hivyo utakaanga kidole, na kidole hakina soko."

"Nikae vipi? Jumamosi Mbeya wanataka katoni kumi na mbili, na mikono niliyonayo ni hii miwili!"

"Na yangu je?"

"Yako imezoea klachi. Ndizi haina klachi."

Tusekile, mwenye umri wa miaka 34, anatengeneza krispi za ndizi katika kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu. Bagamoyo hii msiitafutie bahari. Maji yake yote yanatoka juu. Mbele yake kuna viti vinne vifupi. Vyote vitupu. Tangu Jumatatu, wanawake wanne wanaokaa hapo hawajaonekana, na asubuhi hii ya Alhamisi hajui kama watakuja.

Wasipokuja, mzigo wa Jumamosi haukamiliki. Mzigo usipokamilika, duka la Mbeya litampa mtu mwingine rafu yake. Ndiyo maana hata kuku anapokelewa kama mgeni rasmi.

Alianza miaka sita iliyopita kwa mtaji wa Sh40,000, karai la kuazima na mkungu mmoja wa ndizi mzuzu kutoka Ikuti. Aliuza kwa wanafunzi na abiria wa stendi. "Wanafunzi walikuwa wanakopa, abiria wanaondoka na chenji yangu," anasema. "Nilikuwa nachoka sana kwa faida ya kununua sabuni."

Mambo yalibadilika alipoungana na Lightness, jirani yake, na wanawake wengine watatu wakaunda kikundi. Kikundi kikapata mkopo wa halmashauri usio na riba, wakanunua majiko mawili na mashine ya kufungia mifuko. Sasa, wiki nzuri, kila mmoja anaondoka na Sh45,000 hivi.

Waliwahi pia kupata mafunzo ya siku tatu kutoka kwa Godwin, ofisa biashara mwenyeji wa Singida, ambaye alihamishiwa Rungwe na hadi leo hajaizoea baridi. Katika mafunzo hayo Godwin alisisitiza jambo moja hadi likawaingia: mteja akishakupa tarehe, tarehe hiyo ni mali yake.

Tusekile alilishika neno hilo kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Wiki iliyopita, duka moja la Mbeya lilimpa oda ya kwanza ya majaribio, katoni kumi na mbili, zifike Jumamosi asubuhi. Jumatano, mzee Ambindwile, jirani wa nyumba ya tatu, akafariki dunia. Mazishi yakapangwa Ijumaa.

Mtaani kwao, mtu akifa, hakuna anayeshika jembe wala kuwasha jiko la biashara mpaka azikwe. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika kwa zamu. Tusekile alikwenda Jumatano na Alhamisi, akalia kilio cha heshima kabisa. Ijumaa ilikuwa zamu yake na wenzake kumenya ndizi za waombolezaji.

Hakuonekana. Alikuwa kwake, amefunga madirisha, anamenya ndizi za Mbeya.

"Nilijiambia, watu ni wengi, nani atanihesabu?" anasema, akicheka kicheko kisichofika machoni. "Madirisha niliyaziba hata kwa khanga. Lakini mafuta ya moto bwana! Harufu haina adabu."

Harufu ilitoka, ikapita nyumba ya kwanza, ikapita ya pili, ikaingia msibani bila kupiga hodi. Waombolezaji waliokuwa na njaa wakainua pua. Kikongwe mmoja, bibi Atuganile, ambaye ulimi wake hugeuza kila z kuwa s, akatumwa kufuatilia.

"Hodi humu ndani!"

Tusekile akafunika karai kwa sinia.

"Tusekile, usininyamasie. Miguu yangu imechoka, lakini pua bado ni sima."

"Karibu, bibi. Nilikuwa nachemsha tu maji, wageni wasije wakakosa chai."

"Maji yanalia chwaa chwaa? Gwe! Mwensako anaingia udongoni, wewe unakalanga ndisi?"

Tusekile alizima jiko, akajifunga khanga, akakimbilia makaburini. Alichelewa. Wa kwanza kumwona alikuwa Godwin, ofisa biashara mwenyewe, suruali ya ofisini imekunjwa hadi magotini, koleo mkononi, anafukia.

"Bosi, si ulisema tarehe ni ya mteja?" alimnong'oneza.

"Nilisema," Godwin akajibu, akihema. "Lakini mimi nimepanga hapa, kwetu ni mbali. Nikifia Tukuyu nitabebwa na nani, mteja?"

Jumamosi alifika Mbeya na katoni saba. Mwenye duka, Doreen, alizihesabu, akamtazama. "Nakupa nafasi moja," alimwambia. "Wiki ijayo zikipungua, naweka za watu wa Iringa. Rafu ikikaa wazi, mimi silipwi."

Jumatatu akakuta viti vinne vitupu. Alipompigia Lightness, simu ilipokewa kwa sauti tamu yenye miiba.

"Dada mkubwa, sisi tumemenya ndizi za msiba mpaka mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Zamu yako tumeibeba sisi. Mmenyaji mkuu wa wilaya nzima ulikuwa wapi?"

Akakata.

Jumanne Tusekile alibeba mkungu wa ndizi na sukari hadi kwa mjane wa marehemu. Mama yule alipokea, akamkalisha, akampa chai. "Mimi nimekwisha kukusamehe, mwanangu," alimwambia. "Lakini mimi sikumenya zamu yako. Kawaombe waliomenya."

Akaenda kwa wote wanne, nyumba kwa nyumba, akiwa amelowa. Wawili walisikiliza mlangoni. Mmoja alisema watoto wamelala, saa sita mchana. Lightness alimwacha asimame barazani muda mrefu, kisha akasema, "Tutakaa, tutaona."

Kwa hiyo leo anasubiri. Kwenye meza kuna mikungu minane kutoka Ikuti, ambayo kesho kutwa itaanza kuiva, na ndizi mbivu haitoi krispi. Anapaka mafuta mikononi kuzuia utomvu, anamenya, anachungulia. Allen naye amekamata kisu. Kipande chake cha kwanza kina unene wa sabuni ya kufulia.

"Hiki tunamuuzia nani?" Tusekile anauliza.

"Mwenye meno."

Mlango unasukumwa. Anaingia Lightness, amejitanda khanga kichwani, anadondosha maji. Nyuma yake watatu. Na nyuma yao, akijikokota kwa fimbo, bibi Atuganile, ambaye inaonekana ameteuliwa kuwa shahidi. Hakuna anayesalimia. Lightness haketi.

"Kwanza tuelewane," anasema. "Siku ya kuzika, jiko la biashara haliwashwi hapa. Awe tajiri, awe maskini. Hata akifa mtu tuliyekuwa hatuongei naye."

"Nakubali."

"Na zamu uliyoikwepa utailipa. Msiba ujao unamenya peke yako."

"Wote? Ndizi zote?" Tusekile anawatazama mmoja mmoja. "Sawa. Nakubali."

Lightness anavuta kiti, anachukua kisu kutoka mkononi mwa Allen. "Toa uchafu huu, shemeji. Hiki ni kipande au tofali?"

Ndani ya muda mfupi chumba kimejaa sauti za visu. Tusekile sasa anaongea haraka, kama anayeogopa watabadilisha mawazo. Anataka kukodi chumba kikavu karibu na soko, wawe wanatangulia kutengeneza mzigo wa wiki moja mbele na kuuhifadhi, ili msiba ukitokea wafunge jiko bila kuvunja ahadi ya mtu. Amemwambia Godwin aingize siku za misiba katika mpango wa biashara wanaouandaa kuombea mkopo wa pili. Godwin, anasema, alicheka, kisha akaandika.

"Ndoto yangu rafu tatu, Mbeya, Tunduma na Njombe," anasema. "Lakini chumba bado hatujapata. Mzigo wa mbele hatuna. Tuna hizi tu, na Jumamosi."

Na msiba ukitokea kesho?

Bila kupanga, macho yote yanageukia kona, kwa bibi Atuganile, ambaye amekuwa akikohoa tangu alipoingia.

"Msinitasame mimi," anasema kikongwe, akijifunika vizuri. "Menyeni. Mimi mpaka Jumamosi nipo."