Waingereza Wamesogeza Saa Bila Kuniuliza

Ndugu zangu, leo tovuti ya Uingereza imenifungia mlango usoni.

Fomu ya masomo ya binti yangu Neema ilikuwa inafungwa saa sita mchana, saa za London. Hesabu naijua: ongeza tatu, ni saa tisa hapa Shinyanga.

Saa nane na robo niko dukani kwa Bwana Karim, mbele ya kompyuta yake. Tovuti inasema muda umekwisha.

"Baba Neema," akasema Karim, "jana wamesogeza saa mbele. Sasa tofauti ni mbili."

Eti wapate mwanga zaidi jioni!

Waliotufundisha kutunza saa sasa wanalipangia jua ratiba. Nikahutubia duka zima, hata waliofuata sukari.

Nikarudi nyumbani nimenywea. Nitamwambia nini mtoto?

"Baba, fomu niliituma asubuhi, pale pale dukani," akasema Neema. "Kwani Bwana Karim hakukuambia?"

Alianza kuniambia mara tatu.

Mara zote nilimwambia anyamaze, bado naongea.

Haya, chekeni. Lakini hotuba ilikuwa sahihi, na anayebisha aandike hapa.