Kitambaa Cheupe Kwenye Lori la Kuni

Ndugu zangu, leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ndiye msimamizi wa tanuri la kukaushia chai. Asubuhi nimesimama langoni, nikawahutubia wanakijiji: kiwanda chetu cha Ujamaa hakigusi miti ya chemchemi!

Makofi. Mama mkwe wangu yuko mbele kabisa.

Mara lori letu la kuni likaingia. Juu yake gogo la mkuyu, bado limefungwa kitambaa cheupe.

Jamani! Kitambaa kile alikifunga mama mkwe mwenyewe, kwenye chemchemi ya kwao, mti usiguswe, maji yasikauke.

Na dereva nilimwambia mimi mwenyewe: leta kuni kutoka popote, majani ya chai yanaharibika.

“Shikamoo, mama,” nikababaika.

Alilifuata lori. Akakifungua kitambaa taratibu, akanikabidhi.

“Kafunge kwenye tanuri lako. Tutateka maji huko.”

Sasa nyumbani naingiaje?