Mara ya Tatu kwa Bi Vipimo

Kazini walimwita Bi Vipimo, kwa sababu hata sukari ya chai yake aliisawazisha kijikoni kwa kidole kabla ya kuimimina. Chuoni, alikosomea famasi, kemia alikuwa akiila kama karanga. Kwa hiyo alipoanguka mtihani wa sheria za dawa, ule wa mwisho kabla ya kupewa leseni, watu walisema ni bahati mbaya. Alipoanguka mara ya pili, wakanyamaza.

Aliendelea kuhesabu vidonge katika duka la dawa kama msaidizi, chini ya mfamasia ambaye yeye alimtangulia chuoni kwa miaka mitatu. Kijana yule aliona haya kumwagiza kitu, akawa anafagia mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kumwona mwalimu wake wa zamani wa sheria, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Keti, mwanangu," mwalimu alimwambia, akafungua jalada nene. "Hizi ni alama za wanafunzi wangu wa miaka tisa. Nilidhani anayeweza kemia ataweza na sheria. Wapi! Wanaoteleza kwangu ni wale waliopata alama za chini katika lile somo la mwaka wa kwanza, la kusoma na kueleza."

"Lile tulilokuwa tukilitoroka?"

"Hilohilo. Wewe ulipata arobaini na moja."

Bi Vipimo aliinamisha kichwa. Mwalimu akamsogezea ukurasa wa sheria asome kwa sauti. Akasoma mbio, kama anayekimbizwa.

"Umeruka neno."

"Lipi, mwalimu?"

"'Isipokuwa'. Na kifungu kizima kinasimama juu ya neno hilo." Kisha akamshika mkono. "Alama hizi si ramli, mama. Zinanionyesha tu paa linavuja wapi. Nenda kazibe."

Nyumbani alimweleza mumewe, fundi cherehani aliyeacha shule mapema na ambaye mpaka leo husoma kwa kufuata mstari kwa kidole.

"Nikisoma mwenyewe nitaruka tu," alisema. "Nisomee wewe."

"Mimi? Mke wangu, mimi nasoma kama konokono mwenye mzigo!"

"Ndiyo maana nakuomba, baba watoto."

Wakaanza. Kila alasiri, katika kibanda chake cha ushonaji, fundi alizima cherehani, tepu ikiwa bado shingoni, akafungua kitabu. Neno "zinazodhibitiwa" alilipanda kama mlima, silabi moja moja. Bi Vipimo alitamani kumsaidia, akauma mdomo. Fundi alipofika mwisho wa sentensi, mkewe alikuwa ameligeuza kila neno kichwani mara mbili.

Na fundi hakukubali kitu kirahisi.

"Hebu ngoja. Wanasema dawa hii haitoki bila cheti cha daktari, isipokuwa kwa dharura. Sasa nani anaamua kwamba hii ni dharura?"

Bi Vipimo hakuwahi kujiuliza. Walilitafuta jibu pamoja, vichwa vimegusana juu ya meza ya kukatia nguo.

Siku moja aliwahi kutoka kazini. Alimkuta mumewe peke yake, ameandika maneno magumu ya kifungu cha siku hiyo kwa chaki juu ya kitambaa cheusi, akiyatamka polepole.

"Unafanya nini?"

Fundi alishtuka, akajaribu kuyafuta kwa kiganja. "Najaribu kwanza. Nisije nikakusomea vibaya, ukaanguka kwa sababu ya ulimi wangu."

Bi Vipimo akavuta kiti, akayatamka pamoja naye.

Alirudia mtihani. Matokeo yalipotoka, alikimbilia kwa fundi, akamkuta amepiga magoti akipinda suruali ambayo mteja alikuwa ameivaa.

"Nimepita! Kwa alama mbili tu, lakini nimepita!"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, huku machozi yakimtiririka.

"Fundi, niwapishe?" mteja aliuliza.

"Usitikisike, bwana. Utachomwa."

Siku hiyo walifunga mapema, wakarudi nyumbani kwa miguu kwa njia ya mzunguko. Fundi alitaka kusikia swali lililokuwa gumu kuliko yote. Mkewe alipolisema, akalijibu kwa kujiamini, na akakosea. Akakataa kwamba amekosea. Walibishana mpaka mlangoni, wameshikana mikono.