Bonde Lililokuwa Kijani Kwenye Skrini

Baba alikuwa mrina asali wa Mbeere, na kwetu mrina asali hamwambii mtu mizinga yake iko wapi, hata mkewe. Kwa hivyo alipokosa kurudi nyumbani, kijiji kizima kilijua yuko kwenye mabonde ya juu ya bwawa la Kiambere, lakini bonde gani? Hakuna aliyejua. Ukaidi wa wazee, wacha tu.

Rubani mmoja anayehesabu wanyama kwa ndege ndogo alijitolea kunibeba tumtafute. Nilimwita Kapteni, naye akaniita Mwalimu. Mbele yake kulikuwa na skrini yenye ramani ya milima. Mahali jicho linapofika kutoka hewani, alinieleza, panageuka kijani. Palipozibwa na kilima panabaki kijivu.

"Kijivu kikiisha, tumemaliza kutafuta."

Nilimshukuru. Machozi yalikuwa yamenikauka tangu asubuhi, na sikuhisi hata woga wa kupaa.

Kijivu kikawa kinapungua. Bonde moja jembamba likageuka kijani, nami nikatazama chini nikaona vilele vya miti tu, vimeshikana kama nywele zisizochanwa.

"Kapteni, mimi hapa sioni chini."

"Tumeshapaona, Mwalimu. Angalia skrini."

"Ati skrini! Kwani inajua kuna miti?"

Alikubali kwamba ramani ile ina milima tu, miti haimo. Akazunguka tena, chini zaidi. Miti ni ile ile. Mafuta yalikuwa yanaisha na skrini yote imeshakuwa kijani, basi tukarudi. Wahenga walisema macho hayana pazia. Wao hawakuwahi kuruka juu ya Kiambere. Nilitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja.

Kesho yake wachunga mbuzi walimpata katika bonde lile lile, chini ya mti aliopanda akaanguka, nyonga imevunjika, bado anapumua.

Hospitalini Embu nilimlisha uji kwa kijiko. Baba alimsimulia kila nesi aliyepita jinsi ndege ilivyopita juu yake mara mbili, naye akapunga shati.

"Mama, uliniona, sivyo?" Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Daktari alikuwa ameshaniita kando, akaniambia Baba hatafika Jumapili. Ningesema nini?

"Nilikuona, Baba."

Akatabasamu, akameza uji.

"Sasa mbona mliondoka?"